"Sisi" ya Kalawao: Padri Damien, Wenye Ukoma na Nafsi ya Msimulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kuuliza swali moja mbele ya kila matini: nani anasema, na anasema kwa nafsi gani? Kwa kawaida swali hili huelekezwa kwenye riwaya na hadithi fupi. Wasifu, yaani maisha ya mtu yanaposimuliwa na mtu mwingine, mara nyingi huponyoka. Huchukuliwa kuwa mkusanyiko wa tarehe na matendo, na uchambuzi ukaishia hapo. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba nafsi ni suala zito katika wasifu pia, hasa wasifu wa mtu aliyesifika kwa kuwahudumia wagonjwa.

Mfano tutakaouchambua ni wa Padri Damien, mmisionari kutoka Ubelgiji aliyeishi na wenye ukoma katika rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai, Hawaii, kuanzia mwaka 1873 hadi alipofariki mwaka 1889. Hoja ya makala ni kwamba kiini cha maisha ya Damien kimo katika neno dogo, "sisi". Anayeyasimulia maisha hayo huku akiwaacha wagonjwa katika "wao" huwa amelipoteza jambo lenyewe alilokusudia kulisifu.

Ni haki nikiri kwamba hoja hii sikuizua peke yangu. Rasimu ya kwanza niliyowasilisha katika semina yetu ya uzamili ilikuwa na sentensi iliyonipendeza sana: "Damien aliwaendea wakoma waliosahauliwa na dunia." Mwenzangu mmoja aliinua mkono, akauliza kwa upole, "Wakoma hao hawakuwa na majina?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kumhusu padri huyo, na sikuweza kumtaja mgonjwa hata mmoja. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile.

Usuli wa Kihistoria

Damien alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 huko Tremelo, Ubelgiji, akapewa jina la Jozef De Veuster. Alijiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, alimokuwamo kaka yake, Pamphile. Pamphile ndiye aliyekuwa amepangiwa kwenda Hawaii. Alipougua, mdogo wake aliomba aende badala yake. Alifika Honolulu mwezi wa Machi 1864, na mwezi wa Mei mwaka huohuo akapewa daraja la upadri. Kwa takriban miaka tisa alihudumu katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, akajifunza Kihawaii hadi akawa anahubiri kwa lugha hiyo.

Wakati huo Hawaii ilikuwa ufalme huru. Maradhi yaliyoingia pamoja na wageni yalikuwa yamepunguza sana idadi ya wenyeji, na ukoma ulipoenea serikali iliingiwa na hofu. Mwaka 1865, chini ya Mfalme Kamehameha V, ilipitishwa sheria ya kuzuia kuenea kwa ukoma. Kwa mujibu wa sheria hiyo, aliyeshukiwa kuugua aliweza kukamatwa, kukaguliwa na hatimaye kupelekwa mbali. Mahali palipochaguliwa ni Kalawao, upande wa mashariki wa rasi ya Kalaupapa. Pande tatu za rasi hiyo zimezungukwa na bahari. Upande wa nne una majabali yaliyosimama wima kwa mamia ya mita. Kundi la kwanza, wanaume 9 na wanawake 3, lilishushwa huko tarehe 6 Januari 1866. Kufikia mwaka 1969, sera ya kuwatenga ilipoondolewa, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa huko, wengi wao wakiwa Wahawaii wenyeji.

Wahawaii waliuita ugonjwa huu kwa majina kadhaa. Mojawapo ni maʻi hoʻokaʻawale, yaani "ugonjwa wa kutenganisha". Jina hili linastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha. Halitaji vidonda wala vidole. Linataja kile ambacho sheria ilifanya: kumwondoa mume kwa mkewe na mtoto kwa mamake.

Damien alifika Kalawao tarehe 10 Mei 1873 akiwa na umri wa miaka 33. Askofu wake alikuwa ameomba mapadri wa kujitolea, wakajitokeza wanne, nia ikiwa wapokezane zamu. Damien alikuwa wa kwanza, kisha akaomba abakie. Siku zake za mwanzo alilala chini ya mti wa jamii ya mkadi, mti ambao msomaji wa pwani yetu anaujua kwa maua yake ya manukato. Katika miaka 16 iliyofuata alijenga nyumba, akalipanua kanisa la Mtakatifu Filomena, akashughulikia maji ya mabomba, akafungua makao ya watoto yatima, akafunga vidonda, akatengeneza majeneza na kuchimba makaburi.

Mwaka huohuo wa 1873, huko Norwe, daktari Gerhard Armauer Hansen alitambua kwa hadubini bakteria wanaosababisha ukoma. Hata hivyo, ugunduzi huo haukuzaa dawa ya kufaa hadi miaka ya 1940. Katika kipindi chote cha Damien, aliyeugua hakuwa na tiba. Mnamo mwaka 1885 ilithibitishwa kwamba padri mwenyewe alikuwa na ukoma. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889 akiwa na umri wa miaka 49, akazikwa karibu na kanisa lake, chini ya mti uleule wa mwanzo.

"Sisi" Kabla ya Ugonjwa

Masimulizi mengi ya maisha ya Damien yana tukio moja linalorudiwa. Inasemekana kwamba Jumapili moja, baada ya kujua kuwa ameambukizwa, alipanda mimbarini na badala ya kuanza mahubiri kwa "ndugu zangu", alianza kwa "sisi wenye ukoma". Tukio hili limejengeka vizuri kama kilele cha tamthilia: siri inafichuka, hadhira inashtuka, mhusika mkuu anavuka mpaka asioweza kuurudia.

Barua za Damien mwenyewe zinaonyesha mambo tofauti. Mwishoni mwa mwaka 1873, miezi michache tu baada ya kuwasili, alimwandikia kaka yake Pamphile akieleza kwamba anapohubiri hujihesabu miongoni mwa wenye ukoma, na kwamba haanzi kwa kuwaita ndugu zake kana kwamba yeye yuko kando. Zaidi ya miaka kumi ingepita kabla ya ugonjwa kuthibitishwa mwilini mwake.

Tofauti hii inabadilisha maana ya kisa chote. Katika masimulizi maarufu, ugonjwa ndio uliompa Damien haki ya kusema "sisi". Katika barua, aliichagua nafsi hiyo akiwa mzima wa afya, na ugonjwa ukamkuta akiwa tayari ameizoea. Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Methali hii inafunza kwamba tajriba hutangulia ujuzi. Damien alianza na kauli, kisha akatumia miaka yake yote kuitafutia tajriba: kula pamoja na wagonjwa, kuwagusa, kukaa nao walipokata roho, kuwazika.

Hapa panahitajika tahadhari. Nafsi ya kwanza wingi ni nyepesi kutamkwa, na haina thamani isipolipiwa. Sote tumewahi kumsikia mwanasiasa akisema "sisi maskini" huku dereva wake akimngoja na gari likinguruma. Kwa hiyo, "sisi" ya Damien haiwezi kupimwa kwa mahubiri peke yake. Kipimo chake ni kwamba wagonjwa waliweza kuilinganisha na matendo yake kila siku, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo hakuna aliyeweza kujificha.

"Sisi" Mbili za Kihawaii

Suala hili linapata uzito zaidi tukikumbuka lugha ya mahubiri yenyewe. Kiswahili kina "sisi" moja. Mtu akisema "sisi tunaondoka", msikilizaji hajui mara moja kama na yeye amo au ameachwa nje. Hutegemea muktadha, au husubiri msemaji aongeze neno: "sisi sote", "sisi na nyinyi", "sisi wenyewe".

Kihawaii hakimruhusu msemaji kukaa katika utata huo. Kina neno mākou, yaani sisi bila wewe unayesikiliza, na kina neno kākou, yaani sisi pamoja na wewe unayesikiliza. Aidha, wanapokuwa watu wawili tu, kina jozi nyingine: māua kwa sisi wawili bila wewe, na kāua kwa mimi na wewe. Wanaisimu huieleza tofauti hii kuwa ni ya "sisi" ya kujumuisha na "sisi" ya kutenga. Kila anaposema "sisi", Mhawaii hulazimika kuamua kama msikilizaji yumo au hayumo.

Mmisionari anayesimama mbele ya wagonjwa wa Kalawao akitumia mākou amechora mstari: sisi huku, nyinyi huko. Akitumia kākou amewatia wasikilizaji ndani, na kwa neno lilelile amejitia yeye mwenyewe. Hiyo "sisi" inayowakumbatia wasikilizaji, ambayo Damien alimweleza kaka yake, ndiyo ambayo Kihawaii hukiita kākou. Na kwa watu ambao ugonjwa wao uliitwa wa kutenganisha, uchaguzi kati ya "sisi" ya kujumuisha na "sisi" ya kutenga haukuwa jambo la sarufi tu.

Mfasiri wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Kauli ya Damien ikifasiriwa "sisi wakoma", maneno ni sahihi lakini mpaka unabaki umefichika. Tukisema "sisi sote tulio na ukoma", tunakaribia zaidi, kwa kuwa "sote" hufanya kazi ambayo kiwakilishi chetu peke yake hakiwezi kuifanya.

Stevenson na Utetezi Usio na Wagonjwa

Miongoni mwa waliomfanya Damien ajulikane duniani ni Robert Louis Stevenson, mwandishi ambaye wasomaji wa zamani wa Kiswahili walimfahamu kupitia tafsiri ya riwaya yake, Kisiwa chenye Hazina. Stevenson alifika Kalaupapa Mei 1889, wiki chache baada ya mazishi ya Damien, akakaa takriban wiki moja. Baadaye alisoma barua ya mchungaji mmoja wa Kiprotestanti wa Honolulu, Charles McEwen Hyde, iliyokuwa imechapishwa gazetini. Hyde alidai kwamba Damien alikuwa mchafu, mkaidi na mwenye maadili ya kutiliwa shaka. Februari 1890, akiwa Sydney, Stevenson aliandika barua ya wazi ya kumjibu.

Kama matini ya balagha, barua hiyo ina mengi ya kumfunza mwanafunzi. Stevenson hamtetei Damien kwa kumpaka mafuta. Anayachukua mashtaka moja baada ya jingine, anakubali kwamba padri huyo alikuwa na ukali, ukaidi na upungufu mwingine, kisha anauliza ni nani aliyekwenda kule na ni nani aliyebaki katika nyumba yake nzuri mjini. Alitabiri pia kwamba siku moja Damien angetangazwa mtakatifu. Jambo hilo lilitimia tarehe 11 Oktoba 2009, wakati wa Papa Benedict XVI.

Hata hivyo, tukiisoma barua hiyo kwa kufuata nafsi, tunaona pengo. Mgogoro ni kati ya "mimi" wa Stevenson na "wewe" wa Hyde, na Damien ni "yeye" anayegombaniwa. Wagonjwa huonekana zaidi kama mandhari ya kutisha, nyuso na viungo vilivyoharibika, ili msomaji apime ujasiri wa aliyekwenda kuishi nao. Kadiri mandhari inavyotisha ndivyo shujaa anavyong'aa. Mbinu hii inafanya kazi, na kwa sababu inafanya kazi imeigwa na waandishi wengi wa wasifu, nami nikiwamo katika rasimu ile ya kwanza.

Waliokuwapo

Je, "wao" walikuwa akina nani? Rekodi zipo, na zinabomoa dhana ya watu waliokaa wakingoja kuokolewa. Mwaka 1866, miaka saba kabla ya Damien, Waprotestanti miongoni mwa wagonjwa walikuwa wamekwisha kuanzisha kanisa lao, Siloama. Vilevile palikuwa na watu walioitwa kōkua, yaani wasaidizi. Hawa walikuwa waume, wake na jamaa waliokuwa wazima wa afya, wakachagua kuwafuata wapenzi wao Kalawao ili wawatunze. Damien hakuwa mtu wa kwanza mwenye afya kuingia huko kwa hiari. Upendo wa namna hiyo aliukuta. Kusema hivi hakumpunguzii heshima. Kunamweka katika jamii iliyomfunza jinsi ya kusema "sisi".

Ambrose Hutchison alipelekwa Kalaupapa mwaka 1879 akiwa kijana. Alikuja kuwa msimamizi wa makao hayo kwa miaka mingi, akafanya kazi na Damien kwa takriban muongo mmoja, na alifariki mwaka 1932. Aliacha kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, zikimweleza Damien kama mtu aliyefanya naye kazi. Hapa mgonjwa ndiye msimulizi na padri ndiye msimuliwa.

Mfano wa pili unatoka kisiwa cha Kauai. Mwaka 1893, baada ya ufalme kupinduliwa, mtu mmoja aliyeitwa Kaluaikoʻolau alikataa kupelekwa Molokai bila mke wake. Alikimbilia bonde la Kalalau pamoja na mkewe, Piʻilani, na mtoto wao aliyekuwa anaugua pia. Mtoto alifariki, baadaye mume akafariki, na Piʻilani akawazika kwa mikono yake kabla ya kurudi kwa watu. Masimulizi yake yalichapishwa kwa Kihawaii mwaka 1906. Miaka mitatu baadaye Jack London alichapisha hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu Koʻolau. Katika hadithi hiyo Piʻilani hayupo, na mwanamume anakufa peke yake akiwa na bunduki yake. Hadithi ya London ilienea duniani. Ya Piʻilani ilikaa karibu karne nzima bila kusikika sana nje ya Hawaii. Anayetaka kufundisha maana ya nafsi katika usimulizi hahitaji mfano bora zaidi ya matini hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega.

Jina la Mgonjwa katika Kiswahili

Turudi kwenye lugha yetu. Kiswahili kimekuwa na majina kadhaa ya ugonjwa huu: ukoma, jedhamu, matana. Kutokana na "ukoma" tumepata "mkoma", na hapo ugonjwa umegeuka kuwa mtu. Neno lenyewe liko katika ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na viumbe hai, kwa hiyo kisarufi halimtoi mtu katika ubinadamu kama baadhi ya majina ya KI-VI yanavyolalamikiwa. Tatizo lake ni jingine: linammeza mtu mzima. Mkoma hana kazi, hana ukoo wala kijiji. Ana ugonjwa tu. Kinyume chake, "mwenye ukoma", istilahi ambayo hata wafasiri wa Biblia waliitumia, humtanguliza mtu, kisha hutaja alicho nacho. Tulijifunza jambo hilihili katika miaka ya UKIMWI, tulipoanza kusema "watu wanaoishi na virusi" badala ya kuwaita wenzetu kwa jina la maradhi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya heshima za juujuu, na kwamba Damien mwenyewe alitumia neno la moja kwa moja. Ni kweli. Lakini yeye alilitumia katika nafsi ya kwanza. Neno kali likitanguliwa na "sisi" hugeuka kuwa la udugu. Likitanguliwa na "wale" hubaki kuwa jiwe. Mwandishi asiyeweza kusema "sisi" kwa ukweli afadhali ateue jina lenye staha.

Mambo haya hayako mbali nasi. Kanda yetu ilikuwa na makao yake ya kutengwa. Huko Uganda, katika kisiwa cha Bwama ndani ya Ziwa Bunyonyi, daktari mmisionari Leonard Sharp alifungua makao ya wenye ukoma mwaka 1931. Hapa Kenya, Alupe, Busia, palijulikana kwa hospitali ya ugonjwa huo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto ambazo huponya ukoma kwa matibabu ya miezi 6 hadi 12. Hata hivyo ugonjwa haujakwisha: mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikishwa duniani. Wazee waliowahi kuishi katika makao ya kanda hii wanazidi kupungua. Wapo wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotafuta mada ya utafiti kila mwaka. Masimulizi ya wazee hao, katika nafsi yao ya kwanza, yanastahili kukusanywa kabla hayajasimuliwa na wengine katika nafsi ya tatu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ukubwa wa Padri Damien unajidhihirisha katika uteuzi wa nafsi: alisema "sisi" kabla mwili wake haujamlazimisha, katika lugha ambayo huitenga "sisi" ya kujumuisha na ile ya kutenga. Tumeona pia kwamba utetezi mashuhuri wa jina lake uliwaacha wagonjwa katika nafsi ya tatu, na kwamba sauti zao wenyewe, kama za Hutchison na Piʻilani, zilikuwapo kwa yeyote aliyetaka kuzisikiliza. Mwandishi wa wasifu hawezi daima kusema "sisi", na hatakiwi kujidai. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba watu waliomzunguka shujaa wake wana majina, kazi na kauli.

Sentensi ya rasimu yangu nimeibadilisha. Sasa inasomeka hivi: "Mwaka 1873 Damien aliwasili Kalawao, walikokuwa wakiishi watu mia kadhaa wenye ukoma pamoja na jamaa waliowafuata kuwatunza; walikuwa na kanisa walilolianzisha wenyewe, naye akaomba akae nao." Haina mvuto wa ile ya kwanza. Mwenzangu aliposomewa hakuinua mkono.